Wasomaji Wanauliza: Kupima Kasoko za Mirihi kwa Picha za Obiti

Barua za toleo hili zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza juu ya kasoko, yale mashimo ya mviringo yanayochimbwa na mawe ya angani yanapogonga sayari. Walioandika hawataki kusimuliwa tu. Wanazo picha za Mirihi kwenye simu na kompyuta, na wanataka kuzipima. Hilo limetufurahisha sana, maana picha hizi hutolewa bure kwa dunia nzima, na mwanafunzi wa Masasi ana haki nazo sawasawa na profesa wa Arizona. Tunaanza na swali linalowakwaza wengi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimepakua picha ya Mirihi iliyopigwa na kamera ya HiRISE. Mimi naona vilima vya mviringo, rafiki yangu anaona mashimo. Nani amepatia?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Newala

JIBU: Marahaba. Yaelekea amepatia rafiki yako, lakini msikubaliane kabla hamjajua jua lilikuwa upande gani picha ilipopigwa. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Mwanga ukitokea chini ya picha, ubongo hugeuza kila kitu, shimo likawa kilima na kilima kikawa shimo.

Kamera hiyo imebebwa na chombo kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter, kwa kifupi MRO, kilichoingia kwenye obiti ya Mirihi Machi 2006. Kinapopiga picha mchana huwa ni karibu saa tisa alasiri kwa saa za mahali kinapopita, jua likiwa limeshainamia magharibi. Basi kwenye picha iliyopangwa kaskazini ikiwa juu, mwanga unatoka kushoto. Shimo litakuwa na giza kwenye ukuta wa kushoto na mng'ao kwenye ukuta wa kulia, kwa kuwa ukuta wa kulia ndio unaotazamana na jua. Kilima ni kinyume chake. Mkiendelea kubishana, zungusheni picha mpaka upande wa jua uwe juu, na macho yenyewe yatatulia.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba si kila picha imepangwa kaskazini juu. Picha ambayo haijanyooshwa kwenye ramani inaweza kuwa imelala upande wowote, kwa hiyo someni maelezo yaliyoambatana nayo. Kwa HiRISE, digrii za mwelekeo wa jua haziendi kama za dira. Huanzia ukingo wa kulia wa picha na kuzunguka kama mshale wa saa, hivyo 180 ni kushoto na 270 ni juu. Anayezisoma kama dira hupata jua upande usio wake. Mtego wa pili ni mchanga mweusi. Sakafu nyingi za kasoko za Mirihi zina mchanga wa rangi ya giza, na mtu huudhania kivuli. Kivuli cha kweli huangukia upande uleule katika kila kasoko ya picha hiyo. Mchanga hukaa popote upepo ulipoutupa.

SWALI: Wanafunzi wangu wa fizikia wanaijua tanjenti vizuri. Je, inatosha kupima kina cha kasoko kwa picha tu, bila chombo kingine?
Mwalimu wa sekondari, Masasi

JIBU: Inatosha, Mwalimu, kwa kasoko za aina fulani na kwa picha zilizochaguliwa kwa uangalifu. Unahitaji mambo matatu: pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita ngapi ardhini, jua lilikuwa juu ya upeo kwa digrii ngapi, na kivuli kina urefu wa pikseli ngapi.

Tuchukue kamera ya CTX, ambayo nayo iko kwenye MRO. Pikseli yake ni kama mita 6, na picha moja ina upana wa takriban kilomita 30. Tuseme kasoko ina kipenyo cha pikseli 400, yaani mita 2,400. Maelezo ya picha yanasema jua liko digrii 70 kutoka utosini. Toa 70 kwenye 90, unabaki na digrii 20 juu ya upeo. Kivuli kinaanzia ukingoni upande wa jua na ncha yake imefika sakafuni, urefu wake pikseli 220, yaani mita 1,320. Kina ni urefu wa kivuli mara tanjenti ya digrii 20: 1,320 mara 0.364, unapata mita 480. Gawa kina kwa kipenyo, unapata moja ya tano. Hicho ndicho kipimo cha kasoko ndogo ambayo bado ni mpya. Ungepata moja ya kumi au moja ya ishirini, ungejua mchanga, vumbi au lava imeijaza, au ukingo wake umeliwa.

Hapa ndipo makosa yanapoingia. Kipenyo kisipimwe kwa mstari mmoja. Pima pande nne, chukua wastani. Kivuli kipimwe kwa kufuata mwelekeo wa jua kamili, kuanzia juu kabisa ya ukingo hadi kwenye ncha, hata kama mstari huo unapita kimshazari kwenye skrini. Wanafunzi hupenda kupima mlalo kwa sababu ni rahisi.

Pembe ya jua ina uzito kuliko wanavyodhani. Mkono ukiteleza pikseli 3 kwenye kivuli, kina kinabadilika kwa mita 6 au 7 tu. Pembe ikikosewa kwa digrii moja, ukaweka 21 badala ya 20, kina kinaruka hadi mita 507. Na kosa hilo ni jepesi kutokea, kwa kuwa pembe inayoandikwa ni ya katikati ya picha. Mirihi ni sayari ndogo, digrii moja ya latitudo ni kilomita 59 tu, na picha za CTX ni mikanda mirefu inayoweza kupita kilomita 100. Kasoko iliyo mwishoni mwa mkanda inaweza kuwa na jua lake tofauti na lile lililoandikwa. Chagueni kasoko iliyo karibu na katikati.

Sharti kubwa ni ncha ya kivuli iangukie sakafuni. Hesabu inakupa kina cha mahali ncha ilipogota, si kina cha shimo lote. Kwa kasoko yenye umbo la bakuli na uwiano wa moja ya tano, ncha hufika katikati jua likiwa kama digrii 22 juu ya upeo. Jua likiwa juu zaidi ya hapo, ncha inaishia kwenye ukuta wa karibu. Likiwa chini zaidi, inapanda ukuta wa ng'ambo. Kote kuwili unapata kina pungufu, na lazima uandike kuwa kina halisi hakipungui hapo.

Kwa sababu hiyo picha za MRO karibu na ikweta hazifai kwa zoezi hili. Saa tisa alasiri jua la pale liko kama digrii 45 juu, na kasoko nyingi hazina kivuli kabisa sakafuni. Tafuteni picha za latitudo ya digrii 50 hivi, za mwishoni mwa majira ya baridi ya upande huo wa sayari. Huko nako pana shida yake. Picha iliyotandazwa kwenye ramani ya mistatili huvutwa mashariki-magharibi, na kwenye digrii 60 upana unaonekana mara mbili ya ukweli. Kasoko ikionekana kama yai lililolala, kagueni kwanza aina ya ramani.

Kwa kasoko kubwa tumieni vipimo vya leza vya MOLA, kifaa kilichokuwa kwenye chombo cha Mars Global Surveyor. Kilipima mwinuko wa sayari nzima, lakini pikseli ya ramani yake karibu na ikweta ni kama mita 463, na kasoko ya kilomita 2 hupotea humo au huonekana na kina kifupi kuliko ilivyo. Kifaa hicho kinafaa kwa kasoko za kilomita 10 na kuendelea.

Jambo la mwisho kwa darasa lako: moja ya tano ni kwa kasoko sahili tu. Kwenye Mirihi, kasoko ikizidi kipenyo cha kilomita 6 hadi 8 hivi, kuta zake huporomoka kwa ngazi, sakafu hunyooka, na mara nyingi katikati huinuka kilele. Hiyo haina kina cha moja ya tano hata ikiwa mpya kabisa. Mwezini badiliko hilo huja kwenye kilomita 15 hadi 20, hapa Duniani kwenye kilomita 2 hadi 4. Sababu kubwa ni mvutano wa sayari, ila si sababu pekee. Sayari za Zebaki na Mirihi zina mvutano unaolingana, mita 3.7 kwa sekunde kwa sekunde, lakini kwenye Zebaki kasoko hubadilika umbo kwenye kilomita kama 10. Ganda la Mirihi lina barafu na matabaka dhaifu, kwa hiyo huporomoka mapema.

SWALI: Mawe ya angani huja kwa mshazari. Kwa nini mashimo yake ni duara?
Mvuvi, Mikindani

JIBU: Kwa sababu shimo halichimbwi na jiwe lenyewe kwa kusukuma udongo. Jiwe hugonga Mirihi kwa kasi ya karibu kilomita 10 kwa sekunde, na Zebaki, iliyo jirani na jua, kwa wastani wa karibu kilomita 40 kwa sekunde. Nguvu yake huachiliwa mahali pamoja kwa mpigo. Wewe unayejua balaa la baruti kwenye miamba yetu utaelewa upesi: hata ikitupwa kutoka upande gani, mlipuko hutawanyika pande zote sawa. Ndiyo maana kasoko huwa na kipenyo cha mara 10 hadi 20 ya jiwe lililoichimba.

Duara huharibika jiwe likija karibu sawa na ardhi, chini ya digrii 15 hivi. Hapo shimo hurefuka, na kifusi hurukia kushoto na kulia kama mbawa mbili huku mbele na nyuma pakibaki patupu. Kwenye picha, umbo la kifusi hutangulia kukuonyesha mshazari kabla ya umbo la shimo.

SWALI: Nimesoma kwamba umri wa uwanda wa Mirihi hujulikana kwa kuhesabu kasoko. Nimejaribu kuhesabu picha moja mara mbili, nikapata majibu mawili. Utaratibu ni upi?
Mwanachuo wa ualimu, Nachingwea

JIBU: Kupata majibu mawili ni kawaida, na wataalamu wenyewe hutofautiana. Utaratibu upo ili tofauti hiyo ijulikane ukubwa wake.

Kwanza chora mpaka. Eneo liwe la ardhi ya namna moja, kwa mfano mtiririko mmoja wa lava. Ukichanganya lava changa na mlima mkongwe, umri utakaopata si wa yeyote kati yao. Pima eneo hilo kwa kilomita za mraba. Kisha weka kikomo cha udogo: usihesabu kasoko yenye kipenyo chini ya pikseli 10. Kwa CTX hiyo ni mita 60, na kwa usalama zaidi anzia mita 100. Tofauti za mtu mmoja kujihesabia mara mbili hutokea hapo chini, kwenye vishimo ambavyo leo unaviona na kesho huvioni. Hesabu kila kasoko ambayo kitovu chake kiko ndani ya mpaka, andika kipenyo chake, kisha zipange kwa makundi ya ukubwa.

Pili, ondoa kasoko za kifusi. Jiwe likichimba kasoko kubwa, mapande ya mwamba hurushwa mbali na kuchimba vishimo vyao. Vishimo hivyo havikutoka angani, kwa hiyo havipimi muda. Vinajulikana kwa kukaa mistari au vikundi, kwa kuwa vifupi kwenda chini, kwa kurefuka kuelekea upande mmoja. Tusidharau wingi wake. Kasoko ya Zunil ya Mirihi ina kipenyo cha kilomita 10 tu, na imekadiriwa kuzaa vishimo milioni 10 vya mita 10 hadi 200. Mtu akihesabu uwanda wa jirani bila kujua, ataupa uzee usio wake. Kwa maoni yetu, anayeanza aache kabisa kasoko za chini ya kilomita moja na atafute eneo kubwa zaidi.

Tatu, andika shaka. Kwa hesabu ya namna hii shaka ni kipeuo cha pili cha idadi. Kasoko 100 zina shaka ya 10, yaani asilimia 10. Kasoko 9 zina shaka ya 3, ambayo ni theluthi nzima.

Idadi inageukaje kuwa miaka? Kipimo kilitengenezwa Mwezini. Safari sita za Apollo za Marekani zilizotua kati ya 1969 na 1972 zilileta kilo 382 za mawe na udongo ambavyo umri wake ulipimwa maabara, kisha kasoko za mahali yalikotoka zikahesabiwa. Kwa kanuni ya mwanasayansi Gerhard Neukum, kilomita 1,000 za mraba za Mwezi zenye umri wa miaka bilioni 3 zina wastani wa kasoko 2.6 za kilomita moja au zaidi. Kwa bilioni 3.5 ni 4.8. Kwa bilioni 4 ni karibu 63. Tazama mruko huo wa mwisho. Zamani mawe yalinyesha kwa wingi, baadaye yakapungua na kutulia. Kwa hiyo ardhi kongwe hutambulika vizuri, ila kati ya miaka bilioni 1 na 3 kosa dogo la hesabu huhamisha umri kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Sampuli za chombo cha Chang'e 5, gramu 1,731 zilizoletwa na China Desemba 2020, zilikuwa na thamani kubwa kwa sababu hiyo: lava yake ina umri wa miaka bilioni 2, mahali ambapo kipimo hakikuwa na nguzo.

Mirihi haina sampuli za namna hiyo. Umri wake hutolewa kwa kipimo cha Mwezi kilichorekebishwa kwa mvutano na wingi wa mawe ya huko. Ukipata "miaka bilioni 1" kwa Mirihi, soma kuwa inaweza kuwa nusu yake au mara mbili yake. Isitoshe, upepo hufuta kasoko ndogo kwanza. Ukiona kasoko kubwa zinakupa bilioni 3 na ndogo zinakupa milioni 200, huenda hesabu yako haina kosa. Uwanda ni wa bilioni 3, na milioni 200 ni muda tangu ulipofutwa juu juu mara ya mwisho. Na kwenye ardhi kongwe sana hesabu hugota, kwa kuwa kila kasoko mpya inafuta ya zamani.

Ukitaka kujikagua, linganisha na orodha ya watafiti Stuart Robbins na Brian Hynek ya mwaka 2012. Ina kasoko 384,343 za Mirihi zenye kilomita moja na zaidi, na inapatikana bure.

SWALI: Je, kasoko inaweza kuitwa Kilwa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Kanuni zinaruhusu. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia huzipa kasoko ndogo za Mirihi majina ya miji na vijiji vyenye watu wasiofika 100,000, na zile kubwa majina ya wanasayansi waliofariki. Jina hutolewa pale mtafiti anapolihitaji kwa kazi yake, halinunuliwi, hata kama kuna wanaouza vyeti. Zebaki ni ya wasanii na waandishi: awe amefariki zaidi ya miaka mitatu na umuhimu wake uwe umetambuliwa kwa zaidi ya miaka 50. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alipata kasoko yake, Kulthum, mwaka 2015.

SWALI: Wanajuaje kuwa kasoko fulani imechimbwa juzi tu, na si mamilioni ya miaka iliyopita?
Fundi wa redio, Lindi mjini

JIBU: Kwa kulinganisha picha mbili za mahali pamoja, moja ya kabla na moja ya baada. Ukanda wenye vumbi jingi husaidia: mlipuko hupeperusha vumbi jeupe na kuacha doa jeusi lenye upana wa mara nyingi ya shimo lenyewe. CTX huona doa, kisha HiRISE, yenye pikseli ya sentimita 25 hadi 30, huelekezwa hapo kuthibitisha kuwa katikati kuna shimo. Zaidi kidogo ya nusu ya matukio hayo huacha vishimo vingi pamoja, kwa kuwa jiwe lilipasuka hewani kabla ya kufika. Ubaya wa njia hii ni kwamba pasipo na vumbi hakuna doa, na kasoko mpya hupita bila kuonekana.

Tukio lililothibitishwa vizuri kuliko yote ni la tarehe 24 Desemba 2021. Kipima mitetemo cha InSight, chombo kilichokuwa kimetua Mirihi, kilinasa tetemeko la ukubwa wa 4. Baadaye picha za CTX zikaonyesha kasoko mpya kwenye uwanda wa Amazonis, kipenyo chake mita 150 na kina mita 21, na mabonge ya barafu yametapakaa ukingoni. Kamera ya hali ya hewa ya MRO, ambayo hupiga picha ya sayari karibu nzima kila siku kwa pikseli kubwa, ndiyo iliyobana muda hadi saa 24, na muda huo ukalingana na tetemeko. Mwaka 2024 watafiti waliotumia mitetemo ya InSight walikadiria kuwa Mirihi hupata kasoko 280 hadi 360 za zaidi ya mita 8 kila mwaka.

Ukijaribu mwenyewe, linganisha picha za majira yaleyale na jua la pembe ileile. Pembe ikitofautiana, shimo la siku zote linaweza kujitokeza kana kwamba limezaliwa jana.

SWALI: Je, Shimo la Mungu hapa kwetu ni kasoko ya kimondo? Na mbona kwenye picha za setilaiti naona duara kamili porini, upande wa Liwale?
Mkulima wa korosho, Newala

JIBU: Shimo la Mungu si kasoko. Ni ukingo wa nyanda za juu za Makonde, ambako maji yamekula mwamba laini wa mchanga kwa muda mrefu sana. Lione kwa setilaiti: halijafungwa pande zote, limefunguka kuelekea bonde la Ruvuma, na hakuna ukingo ulioinuka kulizunguka. Kasoko ya mgongano hufunga duara na huwa na ukingo ulio juu kuliko ardhi ya nje, mpaka hapo mmomonyoko utakapouondoa. Hata Ngorongoro, iliyo duara hasa, ni volkeno iliyoporomoka.

Hapa Tanzania hakuna kasoko ya mgongano iliyothibitishwa. Kimondo cha Mbozi kule Songwe ni chuma halisi cha angani, lakini hakuna kasoko inayoonekana kukizunguka. Mawe yaliiangukia Dunia kama yalivyoangukia Mwezi, ila hapa mvua, mito, bahari na mwendo wa mabara hufuta alama. Pwani yetu ndiyo mbaya zaidi kwa kutunza, kwa sababu miamba mingi ya Lindi na Kilwa ni matope na mchanga uliolazwa tabaka juu ya tabaka. Matabaka hayohayo ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru, na yangeweza pia kufukia kasoko nzima.

Duara la Liwale lisidharauliwe, wala lisitangazwe. Kasoko ya Kamil kusini mwa Misri, ya mita 45, ilionekana kwanza mwaka 2008 na mtu aliyekuwa akitazama picha za setilaiti kwenye kompyuta. Ile ya Luizi, kilomita 17, katika Kongo ya kidemokrasia, ilianza pia kama duara kwenye picha. Zote zilikubaliwa baada ya watu kufika na kupata ushahidi wa mwamba. Kamil ilikuwa na vipande vya kimondo cha chuma. Luizi ilikuwa na mawe yenye mistari iliyokutana mithili ya koni, na chembe za madini ya kwatzi zenye mikato myembamba sambamba inayotokana na mshtuko mkubwa. Picha peke yake haijawahi kuthibitisha kasoko hapa Duniani.

Anza na mwinuko: je, katikati ni chini na ukingo uko juu? Duara lisilo na tofauti ya mwinuko mara nyingi ni uoto au rangi ya udongo. Kisha uliza ramani ya jiolojia ya eneo. Kwenye mwamba wa chokaa, kama ule wa Kilwa wenye mapango ya Nang'oma, paa la pango likiporomoka huacha shimo la mviringo. Kwenye mwamba mkongwe wa bara, magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopanda zamani huacha pete za mwamba mgumu. Duara likivuka hapo, andika latitudo na longitudo zake na upeleke kwa wanajiolojia wa GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, Dodoma. Usichimbe.

SWALI: Bando ni ghali. Tuanzie wapi, na tunahitaji kompyuta ya namna gani?
Klabu ya sayansi ya shule, Ruangwa

JIBU: Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Programu ya JMARS ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona ni ya bure na ina picha za CTX, ramani ya MOLA na vifaa vya kupimia, lakini huvuta data kila mnaposogeza ramani. Kama intaneti ni ya kuunga-unga, tumieni QGIS, programu ya ramani, nayo ya bure: pakueni mara moja picha ya eneo moja, kisha fanyeni kazi bila mtandao. Msipakue faili kamili ya HiRISE. Moja inaweza kuzidi megabaiti 500, na kwa kasoko za kilomita moja na zaidi CTX inatosha kabisa.

Mkiwa wengi, gawaneni kazi kwa namna hii: wawili wahesabu eneo lilelile bila kuoneshana, kisha linganisheni kasoko moja moja. Zile zilizoonwa na mmoja tu zijadiliwe pamoja, na tofauti iandikwe kwenye ripoti. Kila kipimo kiende na namba ya picha, mita kwa pikseli na pembe ya jua.

Tena jihadharini na WhatsApp. Picha ya CTX yenye upana wa pikseli 5,000 ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa. Tuseme imefika na pikseli 1,600. Sasa pikseli moja si mita 6 tena, ni mita 18.75. Mwenzenu akiendelea kuzidisha kwa 6, kasoko ya mita 2,400 itakuwa ya mita 768. Kibaya zaidi, kina nacho kitapungua kwa kiasi kilekile, uwiano utabaki moja ya tano, na hakuna kitakachowashtua. Tumeni kama dokyumenti, na anayepokea ahakiki kwamba upana wa picha kwa pikseli ni uleule kabla hajaanza kupima.